Wavuta Kamba Waliokwenda Ng'ambo

Baba zangu na mama zangu mliokutana darasani huko Sitalike, karibu na Mto Katuma! Kaeni vizuri. Mwenye kalamu aishike. Mwenye jirani asiyeona herufi sawasawa amsogelee, wasome pamoja. Somo letu la leo ni la historia, na jambo lenyewe mnalijua: ni kuvuta kamba.

Mchezo huu mmeuona shuleni, na mmeuona siku za sikukuu. Watu hawa huku, watu wale kule, na kamba katikati. Wanaovutwa mpaka wakavuka alama wameshindwa. Lakini leo tutazame watu waliofunga safari, wakavuka mipaka ya nchi zao, wakaenda kuvuta kamba ugenini. Watu hao hawakulipwa mshahara kwa kucheza. Walikuwa wachezaji wa ridhaa. Someni neno hili polepole: ri-dhaa. Maana yake ni kukubali kwa moyo. Mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kupenda, na riziki yake huipata kwa kazi nyingine, kama kulima, kuvua samaki, kufundisha au kulinda mji.

Timu ya namna hii ikitaka kwenda ng'ambo hukutana na maswali matatu. La kwanza: nani anatutuma? La pili: tutashindana kwa kanuni zipi? La tatu: nani atalipa nauli, na kazi zetu zitashikwa na nani? Yaandikeni maswali haya katika daftari. Tutayafuata moja baada ya jingine, na mtaona kwamba timu nyingi zilishinda au zilishindwa kabla hazijaishika kamba.

Mwanzo wa safari hizi

Mwaka 1896 Michezo ya Olimpiki ilianza upya katika mji wa Athens, nchi ya Ugiriki. Miaka minne baadaye, mwaka 1900, ilifanyika Paris, Ufaransa. Hapo ndipo kuvuta kamba kulipoingizwa katika mashindano hayo. Mchezo ukabaki humo hadi mwaka 1920.

Huko Paris, watu wa Denmark na watu wa Sweden waliungana wakawa timu moja ya watu sita, watatu kutoka kila nchi. Mmoja wa wavutaji hao alikuwa Edgar Aabye. Bwana huyu alikuwa mwandishi wa gazeti. Alikuja Paris kuandika habari za michezo, lakini timu ilipungukiwa na mtu, naye akaombwa asaidie. Akaweka kalamu chini, akashika kamba. Timu yao ikawashinda Wafaransa. Basi hiyo ndiyo ridhaa: mtu ana kazi yake, lakini wenzake wakipungukiwa, huingia.

Swali la kwanza: nani anatutuma?

Mwaka 1904 michezo ilifanyika katika mji wa St. Louis, Marekani. Wakati ule mji huo ulikuwa na maonyesho makubwa ya biashara na mambo ya dunia. Katika mashindano ya kuvuta kamba ilikuwapo timu moja iliyotoka Afrika. Ilikuwa timu ya Makaburu wa Afrika Kusini. Je, watu hao walitumwa na chama cha michezo cha nchi yao? Hapana. Walikuwa wamepelekwa Marekani kuonyeshwa. Katika maonyesho yale palikuwa na mchezo wa kuigiza Vita vya Makaburu, vita vilivyopiganwa kati yao na Waingereza kuanzia mwaka 1899 hadi 1902. Watazamaji walilipa kiingilio ili wavione vita vile vikiigizwa. Watu hao walipokuwa huko ndipo walipojiunga na kuvuta kamba. Walishindwa mapema, wakarudi bila nishani.

Pamoja nao katika maonyesho hayo walikuwapo Waafrika weusi wawili, Len Taunyane na Jan Mashiani. Hawa hawakuvuta kamba. Walikimbia mbio ndefu za marathoni, juani, katika vumbi jingi, na Taunyane akamaliza wa 9. Wanakumbukwa kuwa Waafrika weusi wa kwanza kushindana katika Olimpiki. Tazameni jambo hili vizuri, ndugu zangu. Walivuka bahari kubwa, lakini hawakutumwa na watu wao. Hapakuwa na bendera yao, wala chama cha kwao kilichoandika majina yao. Mwenye maonyesho ndiye aliyewapeleka. Ndiyo maana swali la kwanza ni zito: nani anatutuma? Anayekutuma ndiye anayeandika jina lako, na ndiye atakayeulizwa ukipata shida njiani.

Swali la pili: kwa kanuni zipi?

Sasa twende London, Uingereza, mwaka 1908. Waingereza walitoa timu tatu za kuvuta kamba, na zote zilikuwa za askari polisi: polisi wa Jiji la London, polisi wa Liverpool, na polisi wa kikosi kimoja cha Metropolitan. Wamarekani nao walileta watu wenye nguvu za kutisha. Miongoni mwao alikuwapo John Flanagan, aliyeshinda kurusha nyundo katika michezo hiyo hiyo, na Ralph Rose, aliyeshinda kutupa tufe. Kila mtu alikuwa jabali. Mtu angeona miili yao tu, angesema wameshinda tayari.

Wakapambanishwa na polisi wa Liverpool. Mvuto wa kwanza tu, Wamarekani wakaburutwa. Ndipo walipotazama miguu ya wapinzani wao. Wale polisi walivaa mabuti mazito. Wamarekani wakalalamika kwamba mabuti hayo yanashika ardhi kupita kiasi, tena kanuni zilikataza viatu vilivyotengenezwa maalumu kwa mchezo, na viatu vyenye misumari iliyochomoza. Waingereza wakajibu: haya ni mabuti ya kazi, ndiyo tunayovaa kila siku tukiwa zamu. Waamuzi wakalikataa lalamiko. Wamarekani wakajitoa katika mashindano. Mwishowe polisi wa Jiji la London wakapata nishani ya dhahabu, wa Liverpool ya fedha, na wa Metropolitan ya shaba.

Nani alikuwa na haki? Watu wamebishana juu ya mabuti yale kwa zaidi ya miaka 100. Lakini sisi wanafunzi tutoe mafunzo mawili. Fundisho la kwanza: kanuni ilikuwapo, imeandikwa, lakini kila upande uliisoma kwa namna yake. Kiatu gani ni cha kazi, na kiatu gani ni cha kudanganya? Jambo hilo lilitakiwa kuulizwa na kupatana kabla ya siku ya mashindano, siyo baada ya kuburutwa. Fundisho la pili: Wamarekani walikuwa mabingwa wa kurusha na kutupa, kila mtu kwa nguvu zake peke yake. Wale polisi walizoea kuvuta pamoja.

Kamba haimjali mtu mmoja mwenye nguvu. Mwenye nguvu akivuta sasa, mwenzake akavuta baadaye kidogo, nguvu zao hazikutani. Wazee wetu waliobeba mizigo mizito na kuvuta magogo walilijua jambo hili. Ndiyo maana waliitana kwa wimbo, mmoja akianza na wengine wakiitikia, ili mikono yote ivute kwa pumzi moja. Na nguvu ya mkono haifiki kwenye kamba isipopata mahali pa kusimamia. Mguu ndio unaoshika ardhi. Basi ugomvi wa mabuti haukuwa ugomvi mdogo.

Swali la tatu: nani atalipa, na kazi nani atashika?

Kwa nini washindi wengi wa zamani walikuwa polisi? Jibu si nguvu peke yake. Polisi walikaa pamoja, wakafanya mazoezi pamoja, na waliweza kupewa ruhusa pamoja na wakubwa wao. Mkulima akiondoka wakati wa palizi, shamba lake humezwa na majani. Fundi akifunga duka, wateja humhama. Lakini kikosi kikitaka heshima, humpa askari nafasi.

Mwaka 1912 polisi wa Jiji la London walisafiri mpaka Stockholm, Sweden. Huko nako wakawakuta polisi! Timu ya Sweden ilikuwa ya askari wa mji ule, nao wakawashinda wageni wao. Baadaye ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, na michezo ya mwaka 1916 haikufanyika. Mwaka 1920 michezo ikarudi, mjini Antwerp, Ubelgiji. Waingereza wakashinda tena, Uholanzi ikawa ya pili, na Ubelgiji ya tatu. Katika timu ya Uingereza walikuwapo watu watatu waliovuta mwaka 1908: Frederick Humphreys, Edwin Mills na James Shepherd. Hesabuni wenyewe: toka 1908 hadi 1920 ni miaka mingapi? Ni miaka 12. Walipata dhahabu, wakapata fedha, wakapata dhahabu tena, na katikati ilipita vita.

Baada ya hapo kuvuta kamba kukaondolewa katika Olimpiki. Je, mchezo ulikufa? Haukufa. Wenyewe waliupenda, wakaendelea kuvuta katika vijiji na viwanda. Mwaka 1960 wakaunda Shirikisho la Kimataifa la Kuvuta Kamba. Wakaandika kanuni zao ili asiwepo mtu wa kubishana tena juu ya kila jambo. Timu ni watu wanane. Timu hupimwa uzito wa watu wote pamoja, ili wazito wasiwaonee wepesi. Daraja moja, kwa mfano, halizidi kilo 640. Gawanyeni 640 kwa 8. Mmepata ngapi? Ni kilo 80 kwa kila mtu. Watu wote wanane pamoja hawafikii uzito wa kiboko mmoja mkubwa wa Mto Katuma! Ili kushinda, timu huwavuta wapinzani wake mita 4. Hata viatu vimeandikiwa kanuni yake. Mabuti ya Liverpool yamefundisha kitu.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Kwetu, wanaovuta kamba mara nyingi ni wafanyakazi. Katika mashindano ya SHIMIWI, yaani michezo ya wizara na idara za serikali ya Tanzania, makarani, madereva na walinzi huvuta kamba, wanawake kwa wanaume. Wako pia wanaovuka mipaka. Wabunge wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukutana kwa michezo, na kuvuta kamba kumo. Walikutana Bujumbura mwaka 2018, Juba mwaka 2022, Kigali mwaka 2023, na Mombasa mwaka 2024. Hawa nao ni wachezaji wa ridhaa, kwa kuwa kazi yao ni bungeni. Lakini tofauti yao na wale wa St. Louis ni kubwa. Hawa wanakwenda na bendera yao, na wametumwa na bunge lao.

Sasa tuseme darasa lenu la Sitalike limeunda timu, nanyi mmealikwa Kalemie, nchi ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Njia mnaijua: kwanza Mpanda, kisha Karema, kisha maji. Rudini kwenye maswali yetu matatu. Nani anawatuma? Klabu isajiliwe, na mwende kwa afisa michezo wa halmashauri yenu mwulize habari ya kibali. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967 kusimamia mambo kama haya. Kanuni zipi? Ombeni ziandikwe, mzisome kabla ya kuondoka: watu wangapi, uzito gani, viatu gani, mivuto mingapi. Nani atalipa? Andikeni hesabu ya nauli, chakula, malazi, pasipoti, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana Kongo hukitaka. Andikeni pia jina la atakayelinda shamba la kila mvutaji.

Mtaona kwamba kila jibu linataka karatasi, na kila karatasi inataka mtu wa kuisoma. Msimwachie mtu mmoja kusoma kwa niaba ya wanane. Asiyejua kusoma hutia dole gumba kwenye karatasi asiyoijua, na safari yake huwa mkononi mwa mwingine. Kila mmoja alisome jina lake mwenyewe katika orodha, ahakikishe ni lake.

Maneno ya kukumbuka: ridhaa, kanuni, kibali, nishani, lalamiko.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Edgar Aabye alikuja Paris kufanya kazi gani?
2. Nani aliwapeleka Makaburu, Taunyane na Mashiani St. Louis mwaka 1904?
3. Kwa nini Wamarekani walijitoa mwaka 1908? Nyinyi mngekuwa waamuzi, mngekata shauri gani?
4. Kama timu ya wanawake ina watu 8 na jumla ya uzito wao ni kilo 520, kila mmoja ana wastani wa kilo ngapi?
5. Andikeni barua fupi ya kuomba kanuni za mashindano kutoka kwa wenyeji wenu. Ianze kwa salamu, na iishe kwa majina ya watu wote wanane, kila mtu akiandika lake kwa mkono wake.