Kutoka Langenburg hadi Mto Mbaka

Ukipanda kutoka Kyela kwenda Tukuyu, joto la ziwani linabaki nyuma na migomba inazidi kubanana. Utawala wa Kijerumani nao ulitoka ziwani ukapanda huku, ukaacha kituo cha Langenburg ukingoni mwa Ziwa Nyasa na kuifanya Tukuyu makao mapya, Neu-Langenburg.

Daktari wa jeshi Friedrich Fülleborn alikuwa mtu wa kituo kile cha zamani. Kati ya 1898 na 1900 alizunguka na msafara wa kisayansi kaskazini mwa Nyasa na milima ya Ukinga, akiwapima wenyeji maumbile na kuwapiga picha, wakiwemo Wanyakyusa. Kazi hiyo ilitoka kitabuni Berlin mwaka 1902. Mtu aliyeinamisha kichwa kipimwe na daktari wa serikali yenye bunduki angekataa vipi?

Kinachoniuma ni tarehe. Tarehe 29 Desemba 1900 waziri wa Prussia, dola mojawapo ya Ujerumani, aliziagiza hospitali zake: asifanyiwe mtu jaribio lisilo la kumtibu bila kuelezwa madhara yake na kuridhia waziwazi, na watoto wasiguswe kabisa. Chanzo kilikuwa daktari Albert Neisser, aliyewadunga wanawake makahaba bila kuwaomba ridhaa. Kumbe haki hiyo ilikwisha kuandikwa! Hata hivyo, mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma Robert Koch Afrika Mashariki kuchunguza malale. Akaanzia Amani, Tanga, akaishia visiwa vya Sese, Uganda, akiwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Alipoongeza dozi, zaidi ya 20 walipofuka.

Leo Tukuyu kuna kituo cha NIMR, taasisi ya umma ya utafiti wa magonjwa iliyoanzishwa kwa sheria ya 1979, na utafiti wa afya hauanzi kabla ya kibali cha kamati ya maadili. Ugonjwa unaochunguzwa sana kwenye mito ya huku, Kiwira na Mbaka, ni usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi. Kwa miaka mingi inzi hao wamekamatwa hivi: mtu anaketi ukingoni, suruali imekunjwa hadi magotini, inzi akitua mguuni anamnasa kwa kichupa kabla hajauma. Mtu huyo awe mtu mzima, aelezwe kwa lugha yake, asaini, apewe ivermektini, na aweze kuacha siku yoyote.

Ni hatua kubwa, na naiheshimu. Lakini kijijini posho ya siku ina uzito wake, na ridhaa ya mwenye shida hupatikana upesi. Meksiko wamebuni mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, unaopakwa gundi na kuwekewa harufu ya jasho na hewa ya ukaa. Pengine hunasa inzi wachache kuliko mguu wa mtu. Hata hivyo, kila ombi jipya la utafiti wa Kiwira au Mbaka linapofika mezani, ningetaka kamati ianze na swali moja: kwa nini bado mnahitaji miguu ya watu?