Upasuaji wa Kuufanya Uso Uwe wa Kike: Nini Hubadilika Katika Uwiano wa Uso?



Mama mmoja ametuuliza: binti yake ana taya pana na mfupa wa nyusi uliotokeza, wenzake humcheka, na sasa anataka afanyiwe upasuaji aliouona kwenye simu. Hukmu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe, basi tuanze hapo.

Upasuaji huu ulianza San Francisco, Marekani, miaka ya 1980, kwa daktari Douglas Ousterhout, aliyelinganisha mafuvu ya wanaume na ya wanawake. Ulianza kwa waliozaliwa wanaume wakataka kuishi kama wanawake. Siku hizi hufanyiwa pia wanawake wanaoona nyuso zao zina sura ya kiume.

Madaktari huugawa uso mafungu matatu: kutoka mstari wa nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, na hapo hadi ncha ya kidevu. Ukigusa fungu moja, mengine nayo huonekana tofauti. Nyuma ya mfupa wa nyusi kuna uwazi wenye hewa, na ukuta wake wa mbele mara nyingi ni mwembamba, haukwanguliki sana. Kwa hiyo daktari huukata, huuchonga, kisha huurudisha nyuma kidogo na kuufunga kwa vibati na skrubu za titani. Paji likisharudi nyuma, pua ileile huonekana imetokeza zaidi, ndiyo maana wengi huishia kufanyiwa na pua. Mstari wa nywele ukishushwa, fungu la juu hupungua. Kidevu kikifupishwa, hupungua la chini. Taya likipunguzwa upana, ngozi iliyokuwa imelazwa juu yake yaweza kulegea, na mshipa wa fahamu upitao ndani ya taya ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu hufa ganzi, pengine daima. Umbali baina ya macho haubadiliki. Na mfupa uliokwanguliwa hauoti tena.

Ama hukmu, 'Arfajah bin As'ad (Radhwiya Allaahu 'anhu) alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikanuka, Mtume akamuamrisha aweke ya dhahabu. Kurejesha kilichoharibika, basi, kuna asili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha 18 nchini Malaysia mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kurejesha umbile na kuondoa kasoro, likakataza kubadilisha sura kwa ajili ya urembo mtupu. Khuntha ana mlango wake katika fiqhi, wala hachanganywi na haya.

Kwa binti huyu tulimuuliza mama jambo moja: je, sura hiyo amezaliwa nayo, au taya limekua miaka ya karibuni, pete haiingii tena na viatu vinambana? Kuna maradhi yaitwayo akromegali, ambapo uvimbe katika tezi ndogo chini ya ubongo hutoa homoni ya ukuaji kupita kiasi, na mifupa ya nyusi, taya na mikono hukua. Hutambuliwa kwa kupima damu, na kinachotibiwa kwanza ni tezi. Huyo ni mgonjwa, na swali lake si la urembo tena. Mama akajibu kuwa pete ya binti yake ilikatwa kwa sonara mwaka jana. Tumemwambia ampeleke hospitali kabla ya kuzungumza habari ya taya.

Wa-Allaahu A'lam.