Waliobaki Rabai

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa akashika barabara ya bara hadi Mazeras, kisha akageukia Rabai, huonyeshwa mambo mawili. Huonyeshwa kwanza nyumba ya kale ya ibada, ambayo siku hizi ni makumbusho, na huambiwa kwamba hapo ndipo Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipoanza kazi yao mwaka 1846. Kisha huonyeshwa kanisa ambalo hadi leo waumini hulijaza siku ya Jumapili. Baina ya nyumba hizo mbili ni hatua chache tu za miguu. Lakini aulizaye jinsi imani ilivyovuka kutoka ile nyumba ya kwanza hadi hii ya pili hapewi jibu upesi, kwani jibu lenyewe halimo katika majina ya wale Wajerumani wawili. Limo katika maisha ya watu ambao wengi wao walifika Rabai usiku, bila ruhusa ya mtu.

Tuanze na ukweli usiopendeza katika hotuba za sherehe: kazi ya kwanza ya Rabai, kwa kipimo cha hesabu, ilikuwa kama iliyoshindwa. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amemzika mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga, upande wa bara unaotazamana na kisiwa. Alipopandisha Rabai pamoja na Rebmann, wazee wa kaya waliwapokea kwa ukarimu, wakawapa mahali pa kujenga, nao wenyewe wakaendelea na mila zao. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu, aliyebatizwa akiwa amelala kitanda cha mauti. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann akabaki, akaandika maneno ya Kiswahili, Kirabai na Kinyanja, akafundisha wachache waliokuja, mpaka macho yake yakaingia kiza. Alipochukuliwa kurudi kwao mwaka 1875 alikuwa ametimiza miaka 29 katika pwani hii, na kundi aliloliacha lingeweza kukaa chini ya mwembe mmoja.

Hata hivyo katika kundi hilo dogo alikuwamo Abe Ngoa, Mgiriama, ambaye hakungoja kutumwa. Alichukua alichojifunza akaenda nacho kwa watu wake huko Godoma, akakusanya jamaa wa kusali na kusoma pamoja naye. Jambo hili ni dogo machoni, lakini ndilo mbegu ya yote yaliyofuata: kanisa la watu wa pwani lilianza kutembea kwa miguu yake lenyewe kabla wakubwa wake hawajajua kwamba limesimama.

Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi, na waliookolewa wakahitaji pa kuwekwa. Mwaka 1875 chama cha Church Missionary Society kikaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji kilichopewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yake ndiyo iliyolipa jina eneo linaloitwa Kengeleni hadi leo. Walioendesha kazi za kila siku, Freretown na Rabai, walikuwa Waafrika waliowahi kuwa watumwa utotoni, wakaokolewa baharini na kulelewa Bara Hindi, huko Bombay na Nasik. Miongoni mwao walikuwamo George David, Ishmael Semler na William Jones. Jones alikuwa Myao kwa asili, aliyefunzwa ufundi wa chuma, na ndiye atakayetushughulisha zaidi, kwa kuwa Rabai ilikuwa mikononi mwake katika miaka ya shida kubwa.

Shida yenyewe ilitokana na jambo hili. Mkataba wa 1873 ulifunga bahari, haukuvunja utumwa wa nchi kavu. Mashamba ya nafaka ya Malindi na Takaungu yaliendelea kulimwa na watumwa, na sheria ilimtambua bwana na mali yake. Waliotoroka walikuwa na njia kadhaa. Wengine walikwenda Witu kwa Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba. Wengine walijiunga na Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui wa Gazi asiyetawalika. Wengine walijenga vijiji vyao wenyewe msituni. Na wengine walisikia kwamba juu ya vilima vya Rabai kuna watu wenye kitabu ambao huenda wasikurudishe. Yafaa tulikumbuke hilo la Witu na Gazi, ili habari hii isigeuzwe kuwa kesi ya dini moja dhidi ya nyingine. Mtoro hakuuliza mlango ni wa msikiti au wa kanisa. Aliuliza kama utafunguliwa.

Kwa misheni, kuufungua kulikuwa kosa. Wakubwa wa chama, pamoja na balozi wa Kiingereza Unguja, walikataza kuwapokea watoro, wakihofu kwamba kuwahifadhi kungeiudhi serikali ya Sultani na kuhatarisha kazi yote. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Fuladoyo, kijiji cha watoro na Wagiriama waliokuwa wakisali pamoja, kiliongozwa na David Koi, naye alikamatwa akauawa Takaungu. Mwaka 1880 habari zilienea kwamba Freretown yenyewe ingeshambuliwa. Mtu angeweza kusema, kwa hoja zisizokosa uzito, kwamba kumrudisha mtoro mmoja ni afadhali kuliko kuwapoteza mia.

Basi kwa nini watu wa Rabai waliwapokea? Sidhani kwamba ni kwa ushujaa wa maneno makubwa. Nadhani jibu limo katika mambo ya kawaida kabisa ya maisha ya mtaa wa kanisa. Mtumwa, katika mwambao wetu, alikuwa mtu aliyekatwa na ukoo wake. Hakuwa na mjomba wa kumposea wala shangazi wa kumlilia. Alikuwa na jina alilopewa na wengine. Akifa ugenini, hapakuwa na aliyelazimika kumchimbia kaburi. Sasa tazama mtaa wa kanisa unampa nini: kengele ya asubuhi inayomwita pamoja na wengine, darasa la kusoma ambamo mzee hukaa ubao mmoja na mtoto, ubatizo wenye wadhamini, ambao kwa namna fulani huwa ndugu, ndoa inayotangazwa mbele ya watu, na mwisho wa yote, mazishi yenye wimbo na wachukuzi. Wengi wa waliokuwako Rabai, Jones akiwa wa kwanza wao, walijua kukosa mambo hayo kukoje. Kumfukuza mtoro kungekuwa kujifukuza wenyewe.

Wala majaribu hayakutoka nje peke yake. Mwaka 1881 ilidhihirika kwamba msimamizi wa Freretown, J. R. Streeter, alikuwa akiwachapa viboko watu waliowekwa chini ya ulinzi wake; uchunguzi ukafanywa, naye akaondolewa. Hebu fikiri, ndugu msomaji, mtu aliyeikimbia bakora ya shambani, akaikuta tena chini ya kivuli cha kanisa. Aliyeendelea kuja kusali baada ya hapo hakuja kwa sababu ya wakubwa. Alikuja licha yao. Kisha ikaja njaa ya mwaka 1884, ambayo watu wa pwani waliiita Mwakisenge, hata wazazi wengine wakaweka watoto wao rehani ili wapate chakula. Vituo vya misheni vikajaa wenye njaa, na mtaa ambao nao haukuwa na akiba ukalazimika kugawana kidogo kilichokuwapo.

Katika mwezi wa Mei 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi. Miezi miwili baadaye alifunga safari ya Uganda kwa njia ya Umasaini, akamchukua Jones. Walipofika upande wa Kavirondo, askofu alitangulia na watu hamsini, akamwacha Jones nyuma na sehemu kubwa ya msafara. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu wote aliokuwa nao wakauawa. Jones aligeuka na waliosalia, akawapitisha njia yote ya kurudi. Mapema mwezi wa Februari 1886 watu wa Rabai waliona msafara ukipanda kilima, na mbele yake bendera ya buluu yenye neno moja la herufi nyeupe: Ikabodi. Neno hilo la Kiebrania lina maana kwamba utukufu umeondoka. Wasiojua kusoma hawakuhitaji kusomewa. Walihesabu vichwa, wakaanza kulia.

Ajabu ni kwamba baada ya bendera hiyo Rabai haikupungua. Ilizidi. Katika miaka miwili iliyofuata watoro waliongezeka, wakajenga vibanda, wakalima, na wengi wakaingia darasa la ubatizo. Jones hakuwapigia mbiu wala hakuwaficha sana, aliwaacha wakae. Mwaka 1888 mambo yakafika ukomo. Kampuni ya Kiingereza ilikuwa imekabidhiwa uendeshaji wa mwambao, na upande wa kusini, katika pwani iliyoshikwa na Wajerumani, watu walikuwa wameinuka pamoja na Abushiri bin Salim. Huku Mombasa mabwana walidai watu wao, wakisema waziwazi kwamba misheni imewaibia. George Mackenzie, mkuu wa Kampuni, akaamuru watoro wahesabiwe. Hesabu ya Rabai na vituo vya jirani ilipita watu 1,400. Padri Salter Price, aliyeianzisha Freretown, alikuwa amerejea pwani, naye alishtuka kuona umati ulioishi chini ya mwamvuli wa misheni yake.

Mackenzie hakuwarudisha. Alipatana na mabwana walipwe fidia, fedha zikapatikana, na tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watoro wakakabidhiwa hati za uhuru.

Siku hiyo imeandikwa kama siku ya furaha, na hapana shaka ilikuwa hivyo. Lakini tuitazame vizuri. Aliyelipwa ni bwana. Aliyelima miaka kumi au ishirini bila ujira hakulipwa kitu. Alipewa karatasi iliyothibitisha kwamba yeye ni mtu, jambo ambalo katika mtaa wa Rabai lilikuwa limekwisha kukubaliwa siku alipopewa mahali pa kulala. Kwingineko utumwa uliendelea kuwa halali: Unguja na Pemba hadi 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907. Kwa hiyo yaliyofanywa na Rabai kabla ya 1889 hayakuwa kuitii sheria njema, kwani sheria hiyo haikuwako. Yalikuwa kuishi kana kwamba imekwisha kuja.

Jones na Semler walipewa ukasisi mwaka 1895, miaka kumi baada ya ushemasi. Katika miaka hiyohiyo makasisi na walimu Waafrika walianza kushindana waziwazi na wamisionari wapya juu ya mishahara na heshima. Waliokuwa wameishika misheni ilipokuwa hatarini waliona wakitengewa viti vya nyuma ilipokuwa salama. Jambo hilo halikuua kanisa, lakini liliacha jeraha, na asiyelitaja hajaisimulia habari hii kwa ukamilifu.

Kuna mkasa mmoja unaowahusu hasa wapenzi wa mashairi. Katika miaka hiyohiyo ya 1880, mmisionari wa chama hichohicho, W. E. Taylor, alikuwa Mombasa akikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Lau si kazi ya wawili hao, Muislamu na padri, tusingekuwa na sehemu kubwa ya tungo za Muyaka tunazojivunia leo. Ni neema, na twaishukuru. Lakini mwendo wa saa chache kutoka pale, juu ya kilima, walikuwako mamia ya watu waliobeba nyimbo za Uyao, Unyasa, Umakua na Uzaramo, na hakuna aliyekaa nao kwa kalamu namna ile. Tuna beti za aliyekuwa na ukoo. Hatuna za aliyeupoteza. Ilibidi tungoje hadi mwaka 1934, James Juma Mbotela alipochapisha *Uhuru wa Watumwa*, ndipo mtoto wa mmoja wa waliookolewa alipousimulia kwa Kiswahili msiba wa wazazi wake na maisha ya Freretown.

Watu hupenda kusema kwamba wakati wa dhiki imani hushikwa na mashujaa. Rabai yatufundisha vingine. Krapf aliondoka, Rebmann alichukuliwa akiwa kipofu, Koi aliuawa, Hannington hakurudi. Imani ilishikwa na wale ambao hawakuwa na pengine pa kwenda, na kwa sababu hiyo walijua thamani ya mahali. Waliishika kwa kugawana mahindi na kuitikia kengele, kwa kusimama kama wadhamini wa mgeni aliyefika jana, na kwa kumzika aliyekufa kana kwamba ni wao. Naye, kwa kweli, alikuwa wao.