Selmon Kabla ya Kuwa Barabara

Kila alfajiri naingia katikati ya mji wa Tampa, Florida, kwa Selmon Expressway, barabara ya kulipia. Nilipoanza kuendesha teksi hapa nilidhani Selmon alikuwa gavana. Mzee mmoja niliyempakia ndiye aliyenirekebisha: Lee Roy Selmon alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, na msimu wake wa kwanza hapa timu ilicheza mara 14, ikafungwa zote 14.

Watu wa hapa huusimulia msimu ule kwa kicheko. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia pembeni ya uwanja wa Mkwakwani, na timu inayofungwa kila wiki sijawahi kuiona kichekesho. Kwa hiyo nikaanza kuuliza na kusoma.

Tampa Bay Buccaneers, yaani maharamia, waliingia ligi ya NFL mwaka 1976 pamoja na Seattle Seahawks. Klabu 26 zilizokuwepo ziliruhusiwa kuwazuia wachezaji 29 kila moja. Timu mbili mpya zikaokota katika waliobaki, 39 kila moja. Nani atakuachia mtu wake mzuri? Kocha John McKay alikuwa ametwaa ubingwa wa vyuo vikuu mara nne kule California, lakini hapa alikabidhiwa masalia ya wenzake.

Mchezaji mmoja hakuwa masalia. Katika kuchagua vijana kutoka vyuo vikuu, Tampa ilipewa nafasi ya kwanza, ikamchukua Selmon, kitinda mimba wa watoto tisa wa mkulima wa Eufaula, Oklahoma. Ikamchukua na kaka yake Dewey. Misimu mitatu mfululizo, 1973 hadi 1975, chuo chao kilikuwa kimefungwa mechi moja tu. Hapo ndipo ninapowaonea huruma ndugu hawa.

Septemba 12 walifungwa Houston 20-0. Wiki iliyofuata, nyumbani, San Diego wakawapiga 23-0. Mechi ya tatu walipata pointi 9, zote kwa mateke ya goli. Katika mchezo huu pointi 6 hupatikana kwa kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho, na Tampa hawakufika huko hadi mechi ya nne, dhidi ya Baltimore. Hata hapo aliyefika ni mlinzi: Danny Reece aliokota mpira uliomponyoka mpinzani, akakimbia nao yadi 44. Walifungwa 42-17.

Siku iliyouma kuliko zote, kwa masimulizi ya mzee wangu, ni Oktoba 17. Seattle walikuja Tampa, mgeni na mwenyeji wote wakiwa hawajashinda hata mechi moja. Mwishoni Seattle wanaongoza 13-10, na Dave Green anajiandaa kupiga teke la kusawazisha. Mzee alikuwa jukwaani, amesimama, kofia yake ya rangi ya chungwa ameikunja mkononi. Green akapiga, Mike Curtis wa Seattle akaunyanyukia na kuuzuia. Mzee aliponisimulia alipiga kiti changu kwa kiganja, pu!, mlio ule alioukumbuka.

Yaliyobaki yalikuwa mateso. Selmon aliumia goti, akaishia mechi 8. Pittsburgh walishinda 42-0. Jumla Tampa walifunga pointi 125 na kufungwa 412, na mara tano walitoka na sifuri. Ushindi wa kwanza ulikuja Desemba 1977 kule New Orleans, 33-14, baada ya kufungwa mara 26 mfululizo. Lakini mwaka 1979, kocha akiwa yuleyule na ndugu wawili walewale, walibakiza mechi moja tu kufika Super Bowl, fainali ya ligi, na Selmon akachaguliwa mlinzi bora wa ligi. Alifariki mwaka 2011.

Uwanja wa zamani ulibomolewa mwaka 1999, baada ya mpya kufunguliwa jirani yake. Siku moja mzee aliniomba tupitie pale. Nikasimamisha gari kwenye maegesho. Akashuka na mkongojo wake, akapita katikati ya magari akihesabu hatua kwa sauti, kisha akasimama nyuma ya gari dogo jeupe na kuniita kwa mkono. Kiti chake kilikuwa hapo.