Anwani za Kukodi: DHCP na Kebo za Mombasa

Wadau, leo historia kidogo. Zamani fundi alizunguka kompyuta moja moja akiandika anwani za IP kwa mkono. Mbili zikifanana, zinagombana. Mwaka 1993 Ralph Droms aliandika kanuni za DHCP: seva inakodisha anwani kwa muda, kama chumba cha kupanga.

Mwaka 2009 kebo za SEACOM na TEAMS zilianza kazi Mombasa. Kasi ilipanda, lakini kebo haiji na anwani. Za IPv4 nyingi zilishagawiwa Marekani na Ulaya kabla AFRINIC haijatambuliwa rasmi 2005.

Ndiyo maana nyumba nzima ya Mji wa Kale hutoka kwa anwani moja, ruta ikigawa za 192.168 ndani. Kusoma wavuti, sawa. Ila nikitaka seva yangu ifikiwe kutoka nje, naona tofauti ya mpangaji na mwenye nyumba. Dawa ni IPv6. Muulize anayekuuzia intaneti!