Mwalimu wa Sekondari na Macho ya Nyuki

Nyuki anapolifuata ua, je, anaiona rangi yake au ni harufu tu inayomvuta? Swali linaonekana dogo, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wazima walikuwa wakilibishania.

Mmoja wa waliojitosa ni Charles Henry Turner. Huyu bwana alizaliwa mwaka 1867 mjini Cincinnati, Marekani, miaka miwili tu baada ya utumwa kupigwa marufuku nchini humo. Alikuwa mtu mweusi. Alisoma mpaka akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1907. Ungetegemea apewe maabara, siyo? Wapi! Mwaka 1908 alianza kufundisha Sumner, shule ya sekondari ya watoto weusi mjini St. Louis, akabaki hapo mpaka alipostaafu mwaka 1922.

Maabara ya chuo hana, basi akaenda bustanini. Mwaka 1910 alichapisha majaribio aliyoyafanya katika bustani ya umma ya O'Fallon. Aliwazoesha nyuki kula asali kwenye vipande vyekundu, kisha akachanganya na vya rangi nyingine. Nyuki wakavifuata vyekundu, vingine wakavipita. Akasema: hawa wanaona rangi.

Pengo lilikuwepo. Je, kama nyuki walitofautisha giza na mwangaza tu? Mwaka 1914 Karl von Frisch wa Munich, Ujerumani, aliliziba. Aliweka kadi ya buluu katikati ya kadi nyingi za kijivu, kuanzia nyeupe hadi nyeusi. Nyuki waliozoeshwa buluu waliitambua bila kubabaika. Ila nyekundu waliichanganya na kijivu cha giza! Mwaka 1964 Hansjochem Autrum na mwenzake walipima umeme katika seli za jicho la nyuki, moja moja. Walikuta aina tatu: ya kijani, ya buluu, na ya urujuanimno, mwanga ambao sisi binadamu hatuuoni. Ya nyekundu haimo.

Von Frisch alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Turner alikuwa ameshafariki mwaka 1923, ameacha makala yapatayo 70, na kwa miongo mingi jina lake halikutajwa sana.

Mtu atasema, si alichagua rangi isiyofaa? Ndiyo. Lakini jibu lake kubwa lilisimama: nyuki wanaona rangi. Na swali alilipeleka kwa nyuki wenyewe wakati wengine wakibishana.

Wengi wetu tunaopenda kuandika tumeishia sekondari. Tunasubiri kwanza chuo, kompyuta, na mkubwa wa kutushika mkono. Turner alikuwa na vipindi vya kufundisha, bustani ya umma na asali. Jamani, sisi tunasubiri nini?