Histoire d'O
Riwaya ya Kifaransa ya mapenzi ya utumwa na mateso, iliyotolewa Paris mwaka 1954 na mchapishaji Jean-Jacques Pauvert kwa jina la bandia la Pauline Réage. Mwandishi wake, Anne Desclos (1907–1998), alikuwa mhariri wa shirika la uchapishaji la Gallimard aliyejulikana kwa jina jingine la kubuni, Dominique Aury. Aliiandika usiku, kitandani, kwa penseli, ili kumfurahisha mpenzi wake, mhakiki Jean Paulhan. Katika dibaji yake Paulhan alisisitiza kwamba mwandishi ni mwanamke. Wengi hawakusadiki; inasimuliwa kuwa hata mwandishi Albert Camus alishikilia kwamba mwanamke hawezi kuwaza mambo kama hayo, na baadhi wakamshuku Paulhan mwenyewe. Kitabu ni kile kile: kikidhaniwa cha mwanamume kilisomwa kama njozi za kawaida, kikidhaniwa cha mwanamke kikawa ungamo, au usaliti. Mwaka 1955 kilipata tuzo ya Deux Magots, na serikali ikapiga marufuku kukitangaza. Mwandishi wa Marekani Susan Sontag alikitetea kama fasihi. Mtetezi wa haki za wanawake Andrea Dworkin alikishambulia vikali mwaka 1974. Desclos alikiri hadharani kuwa ndiye mwandishi mwaka 1994, akiwa na miaka 86.